Taa Isiyomwona Aliyetulia

Gereji ya nyumba tunayokaa, hapa Mbugangari, haijawahi kulaza gari hata usiku mmoja. Aliyeijenga alitarajia gari, gari halikuja, na kwa miaka ikabaki ya magunia ya makaa na baiskeli isiyo na mnyororo. Machi 2025 mama mwenye nyumba alituachia tuitumie na vijana. Alisema neno moja tu: "Umeme ni wenu, mujilipie."

Ni chumba cha mita 3 kwa 6. Kuta zake ni za mawe ya volkano, yale meusi yenye vitundu, na hazikuwahi kupigwa plasta. Dirisha hakuna. Kwenye kona ya nyuma kuna ufa uliobaki na matetemeko ya Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka. Unaweza kuingiza vidole viwili. Mlango ni wa mbao, wa pande mbili. Humo ndani tuliweka cherehani tatu, meza ya useremala na pasi ya umeme. Vijana walikuwa kumi na wawili. Wengi walivuka kutoka Goma mwezi wa kwanza mwaka huo, wengine walikuwa wametangulia na kupita Nkamira. Mchana kila mmoja alikuwa na shughuli yake: kubeba mizigo, kuuza ndizi, shule kwa waliobahatika. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa ya jioni, saa kumi na mbili mpaka saa tatu, na huku kwetu saa kumi na mbili jua halikusubiri. Kabla ya kitambaa, kabla ya mbao, tulihitaji taa.

Mimi ndiye niliyechagua. Naandika haya kwa sababu nilichagua vibaya, na waliolipia hilo hawakuwa mimi.

Mwanzoni tulikuwa na ampuli moja ya LED, ya wati 15, katikati ya dari. Wiki mbili za kwanza nilinunua umeme mara tatu. Unaingiza namba kwenye Cash Power, unafurahi, kesho kutwa mashine inalia tena. Na asubuhi mbili nilikuta ampuli inawaka peke yake, gereji tupu, mlango umefungwa. Bon, nikajumlisha moja na moja. Vijana wanasahau, umeme unaisha. Nikawaambia maneno ambayo leo siyarudii. Halafu nikawaza: watu wasipokumbuka, basi taa ndiyo ikumbuke.

Mjini kuna duka la vifaa vya umeme ambako muuzaji aliniwashia taa ya sensa. Alipitisha mkono mbele yake, ikawaka ghafla nikafumba macho. Akaondoa mkono, akahesabu, ikazima yenyewe. "Hapa hakuna kusahau," akasema. Boksi liliandikwa wati 100. Nilinunua mbili. Moja niliifunga ndani, juu ya mlango, ikiangalia chumba. Ya pili niliifunga nje, juu ya mlango huohuo, ikiangalia njia ya kuingilia. Chini ya sensa kuna vitufe vitatu vidogo vya kuzungusha: kimoja cha muda wa kuwaka, kimoja cha kuchagua giza kiasi gani ianze kazi, kimoja cha umbali wa kuona. Kile cha muda nilikizungusha mpaka mwisho wa chini. Sekunde kumi. Nilitaka kubana matumizi, yaani kubana kabisa.

Jioni ya kwanza ilikuwa sherehe. Waliingia na kutoka, walipita wakirudi nyuma, walijaribu kuidanganya taa kwa kutambaa. Lakini kazi ilipoanza, kila mtu akakaa. Anayeshona hatembei. Mguu unakanyaga pedali chini ya meza, vidole vinasogea kidogo tu, kichwa kimeinama. Sekunde kumi zikapita. Giza. Mmoja akapiga kelele, "Mikono!" na wote wakainua mikono juu na kuipunga, taa ikawaka. Baada ya muda mfupi, giza tena. "Mikono!" Ikawa mchezo wetu. Wageni waliopita njiani wakisikia walidhani ni ibada, na kijana mmoja akawajibu kwamba hapa tunashona huku tukiabudu. Nilicheka na mimi. Niliongeza muda kidogo, ukafika kama nusu dakika, nikaona inatosha.

Wiki ya tatu, msichana wetu anayejua zipu kuliko wote alikuwa anamalizia sketi ya shule. Zipu nyeusi, kitambaa cha bluu iliyokoza, cherehani ya nyuma kabisa karibu na ule ufa. Taa ilizima mguu wake ukiwa kwenye pedali. Nilisikia kabla ya kuona. Watu waliposimama taa ikawaka, na sindano ilikuwa imepita kwenye kucha ya kidole cha shahada mpaka upande wa pili. Hakulia. Alikuwa anaikodolea macho taa, si kidole. Kwenye kituo cha afya walimtoa kipande cha sindano kilichokatikia ndani, wakamchoma ya pepopunda. Tukirudi kwa miguu aliniambia, "Yaya, taa iliniacha."

Ungefikiri hapo ningeing'oa. Niliongeza tena muda, nikabadilisha nafasi ya cherehani yake, nikaendelea.

Sasa kuhusu ile ya nje. Kuna kijana tunayemwita Chukudu, kwa sababu anachonga chukudu ndogo za mkaratusi, zile ambazo mtoto wa miaka mitano anaweza kuzipanda akateremka nazo kilima. Ana miaka kumi na sita. Alikuwa anachelewa kwa sababu ya kazi ya mizigo upande wa mpakani, kwa hiyo yeye peke yake ndiye aliyekuja wakati giza limeshaingia. Siku zote nyingine kulikuwa na watu mlangoni, taa imeshawaka akifika. Jioni ile wote walikuwa ndani. Aliingia njia ile ya kando ya ukuta, akafika kama mita sita kutoka mlangoni, na taa ikamwakia usoni.

Alilala chini. Sikusema alianguka, alilala, kifudifudi, mikono juu ya kisogo, kwa mpangilio kama mtu anayejua hatua zake. Wenzake waliochungulia walicheka. Mimi nilicheka kidogo pia, kabla sijaelewa. Akainuka, akajipangusa magoti, akaingia, akakaa bila kushika patasi. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa. Zikapita siku kumi na sita.

Nilikwenda kwa mama yake mdogo, anayeishi naye. Nilianza kuomba msamaha kwa vicheko vya wenzake. Akaniambia hajakasirika, "eko na haya tu." Halafu akaendelea kuchambua mboga, akasema bila kuniangalia: "Uku tulitoka, mwangaza inakukutaka weye kwanza. Sauti inakuyaka nyuma." Sikumuuliza zaidi, na hapa sitaongeza kitu.

Mimi mwenyewe si mgeni wa haya mambo. Nilivuka mpaka usiku wa tarehe 22 Mei 2021 na godoro kichwani, mbingu ya Goma nyuma yetu ikiwa nyekundu kama jiko. Nikarudi, nikavuka tena Januari 2025. Lakini mwangaza ninaouota mimi ni ule wa juu, wa mlima, ulioonekana na watu wote kwa pamoja. Wa kwake ni wa tochi, unakuja usawa wa uso na unamchagua mtu mmoja. Nilikuwa nimenunua ule wake na kuufunga mlangoni petu.

Fundi niliyemwita ni mzee wa hapahapa mtaani, alifanya kazi ya umeme Goma miaka mingi. Nilimwomba aje arekebishe sensa kwa kuwa, nilimwambia, haioni vizuri. Alisimama chini yake, akaniomba kipande cha kioo cha dirisha. Akakishika mbele ya sensa, akaniamuru nipite. Nikapita, nikaruka, nikapunga. Taa haikuwaka. Akaondoa kioo, nikasogeza bega tu, ikawaka.

"Mwanangu, ile kitu haionake mutu," akasema. "Inaonaka joto yenye kutembea. Mutu akitulia, kwake ni ukuta."

Akanieleza nikiwa nimeshika ngazi. Nyuma ya kile kikofia cheupe cha plastiki kuna kijiwe chenye sehemu mbili zinazohisi joto linalotoka mwilini. Kioo cha kawaida hukizuia joto hilo, ingawa sisi tunaona kupitia kioo. Kikofia chenyewe kimegawanywa vipande vipande kama jicho la nzi, na kila kipande kinatazama upande wake. Ukivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, joto lako linaruka kutoka kipande hadi kipande, sehemu moja inahisi kabla ya nyingine, na taa inajua kuna kitu. Ukija moja kwa moja kuielekea, inachelewa kukugundua. Ndiyo maana Chukudu, aliyekuja kwa kunyooka, hakuwakiwa mbali barabarani bali karibu, ghafla, usoni. Na ukikaa mita tano ndani ukisogeza vidole tu, haujui uwepo wako. Msichana wa zipu alikuwa amekaa mahali palepale ambapo taa haikuwa na habari naye.

Niliuliza kama hakuna sensa nyingine. Ipo, akasema, ya rada. Nikanunua ampuli moja ya aina hiyo, kwa ubishi wangu tu. Inatuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi, kwa hiyo inahisi hata kusogea kidogo. Tatizo ni kwamba mawimbi yale yanapita kwenye mbao. Mlango wetu ni wa mbao. Kila pikipiki iliyopita njiani iliwasha gereji yetu, mpaka saa saba za usiku, na mama mwenye nyumba akauliza tunafanya nini humo. Nilimpa jirani kwa ajili ya choo chake chenye mlango wa bati, na huko inafanya kazi vizuri sana.

Lakini somo nililolipia ghali lilikuwa kwenye kaunta ya umeme. Mzee alinionyesha taa ndogo nyekundu inayopepesa. Kwenye kaunta yetu imeandikwa kwamba ikipepesa mara 1,000, umemaliza uniti moja. Akazima kila kitu, akawasha ile taa ya "wati 100" peke yake, akatoa saa. Ilipepesa mara moja kila dakika mbili. Mara 30 kwa saa, basi wati 30. Boksi lilikuwa limesema uongo, na mimi nilinunua maandishi ya boksi. (Angalia lumeni, mzee alisema, kama zimeandikwa. Wati ni unachokula, lumeni ni unachopata. Ampuli za zamani za wati 60 zilitoa kama lumeni 800, na LED ya wati 9 inatoa karibu hizohizo.)

Halafu akachomeka pasi. Ile nyekundu ikaanza kupepesa kila sekunde 4 hivi.

Nilikaa chini kwenye gunia nikapiga hesabu kwenye daftari la mahudhurio. Ampuli ya wati 15 ikisahauliwa kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa nzima, inakula uniti 0.135. Pasi yetu ya wati 1,000 ilikuwa inachomekwa mwanzo wa jioni na kuchomolewa mwisho, ikiwaka na kujizima kwa zamu. Hata ikiwa nusu ya muda tu ndiyo inavuta, saa tatu hizo ni uniti moja na nusu. Zaidi ya mara kumi. Na pasi niliisimamia mimi. Wale vijana niliowasema kwa ajili ya ampuli hawakunimalizia chochote.

Jumamosi iliyofuata tulianza upya. Kwanza chokaa. Mawe yale meusi yanakunywa mwanga. Unaweza kuongeza taa mpaka uchoke, ukuta unameza. Tulipaka kuta na dari mara mbili, vijana wakatoka weupe kama mizimu, na jioni ile kwa ampuli ileile ya mwanzo chumba kilionekana kimepanuka. Ndoo ya chokaa ilikuwa kitu cha bei rahisi kuliko vyote tulivyonunua. Natamani mtu angeniambia nianze hapo.

Kisha taa zenyewe. Ulaya wana kiwango cha mwanga wa sehemu za kazi, na mzee alikuwa anakijua kwa kichwa: luks 300 kwenye meza ya seremala, 500 kwenye mashine za mbao, 750 kwa kushona. Luks moja ni lumeni moja iliyoenea kwenye mita moja ya mraba. Chumba chetu kina mita za mraba 18, na kukijaza chote kwa luks 500 ungehitaji lumeni 9,000 zinazofika kweli. Hatukuwa na hela hiyo, wala haja hiyo. Katikati ya chumba hakuna anayeshona. Tulinunua tubu nne za LED, za wati 18, zenye lumeni kama 1,800 kila moja. Mbili zikaning'inizwa kwa minyororo juu ya cherehani, chini kabisa kiasi cha kutogonga vichwa, mbili juu ya meza ya mbao. Na hazikuwekwa nyuma ya anayefanya kazi, kwa sababu hapo mwili wako mwenyewe unakuwa kivuli juu ya sindano. Mbele kidogo, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Wawili wetu wanatumia wa kushoto, wakahamia mwisho wa safu.

Dukani safari hii nilifanya kama mzee alivyonifundisha: nikafungua kamera ya simu na kuielekeza kwenye taa iliyowashwa. Ya kwanza ilionyesha mistari myeusi inayotembea, ishara kwamba inapepesa haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Kwa chumba cha kulala si kitu kikubwa. Kwa mtu mwenye msumeno wa umeme, mwanga unaopepesa unaweza kufanya meno yanayozunguka yaonekane kama yamesimama. Nilirudisha tatu kabla ya kupata zilizotulia. Muuzaji alinichukia.

Na swichi. Swichi ya kawaida, ya kubonyeza, moja kwa cherehani, moja kwa mbao, usawa wa bega, mlangoni. Hakuna sensa juu ya mkono wa mtu anayefanya kazi. Programu ya simu yangu, ambayo sidai ni kipimo cha maabara, ilionyesha 70 kwenye cherehani ya nyuma kabla ya yote haya, na 800 baadaye. Msichana wa zipu aliangalia namba, akaangalia uzi wake mweusi, akasema sasa anaweza kuona makosa yake yote ya mwezi wa nne. Kucha imeota mpaka nusu. Anashona kwenye cherehani iliyo karibu na swichi, na hajanieleza kwa nini.

Taa ya nje niliishusha mwenyewe kabla ya mtu kuniomba. Lakini nje bado kulikuwa na giza, na njia ya kwenda chooni ina ngazi tatu za mawe ambazo mvua ikinyesha ni sabuni. Wasichana walikuwa wanakwenda wawili wawili na simu. Nilirudi kwa mama mdogo wa Chukudu, nikamkuta mwenyewe nyumbani. Sikumbembeleza arudi. Nilimwambia nina taa ndogo ya sola, ya sensa, inayostahimili mvua, na sijui niiweke wapi isimwakie mtu usoni. Akauliza inafungwa kwa skurubu ngapi.

Alikuja siku iliyofuata mchana, wakati hakuna watu. Alikataa kuiweka ukutani juu. Akaifunga pembeni mwa ngazi, chini ya goti, ikitazama upande ili mtu anayepita aivuke badala ya kuielekea. Akachonga kikofia cha mkaratusi, kama paa la kibanda, mwanga utoke chini tu. Muda akauweka dakika nzima. Mwanga wenyewe, kwa kitufe cha nyuma, akaupunguza mpaka ule wa njano hafifu. Mimi nilisimama pale na bisibisi mkononi, sikuhitajika.

Tulisubiri giza. Akasimama mbali, kwenye kona, akavuta pumzi, akatembea. Ikawaka kwenye viatu vyake. Akaangalia mwanga ulipofika kwenye miguu, akarudi, akafungua skurubu, akaishusha kwa upana wa kiganja, akaenda tena kwenye kona.